Chatu ya baba na panya muzima

Mucheke kwanza, kisha musome: leo panya moja imekula chatu yetu.

Njo ile chatu munajua, ya kwetu Mikelenge. Wakati wa vita, waasi waliiba ndani ya nyumba zote za avenue yetu. Kwetu walifungua mulango, wakaiona imelala chini ya meza, wakafunga wenyewe polepole.

Marehemu baba njo aliifuga. Panya, alikuwa anaiua kwanza, kisha anaitupia chatu. Mimi nilifikiri ni huruma ya muzee.

Jana muliniomba video hapa. «Weka panya muzima, tuone vita.» Nikaiweka ndani ya sanduku ya chatu, nikafunga, nikaacha telefone inapiga video.

Mvua ikanyesha. Chatu ikishikwa na baridi haina nguvu, na yetu haikukuwa hata na njaa.

Panya njo ilikuwa na njaa.

Asubuhi nimekuta mugongo ya chatu imetafunwa mpaka kwa mufupa, na ilikuwa ingali inapumua. Dokta ya wanyama alitikisa kichwa tu. Saa sita ikakufa.

Mama ameniambia maneno mawili, basi: «Baba yako hakukuwa anahurumia panya. Alikuwa anahurumia chatu.»

Video iko, ndugu zangu. Iko nzima.

Nani anaitaka?