Sauti ya Majarubani

Leo jirani amechoma pumba za mpunga na moshi umeingia sebuleni kwangu. Ni moshi uleule uliokuwa uani kwa bibi kule Majimoto, jioni niliyomsomea shairi la shuleni. Halikuwa na vina wala mizani. Mwanamke mzee anasikia msichana akimwita nje, haitiki, basi, shairi limeisha. Mwalimu alitaka tueleze maana yake.

Bibi alikuwa anapepeta mchele. "Huyo msichana ni yeye mwenyewe wa zamani," alisema bila kuinua macho. "Amefanya vizuri kutoitika."

"Kwa nini, bibi?"

"Akiitika, atamuuliza alimpeleka wapi."

Nilicheka. Ndipo sauti ya msichana ikaita kutoka majarubani, taratibu, ikitaja jina la bibi la utotoni, ambalo hakuna aliyelitumia tangu mama yake azikwe. Niliinuka kuchungulia. Mpunga ulishavunwa, yalibaki mabua mafupi ambamo hata kuku asingejificha. Hapakuwa na mtu. Bibi alinivuta mkono nikakaa.

"Endelea kusoma, mjukuu wangu," alisema. "Soma kwa sauti."

Nilisoma mpaka herufi zikapotelea gizani. Kesho yake niliandika kwamba shairi linahusu majuto ya uzee, na mwalimu akaniwekea vema.

Moshi bado umejaa sebuleni. Nje kuna mtoto wa kike ananiita kwa jina alilonipa bibi. Nimechukua gazeti, nalisoma kwa sauti.