Goti la Mama Mkubwa Furaha

Nilikuwa bado mtoto, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya, nilipoletwa Uvira kuishi na dada mkubwa wa mama yangu. Mama alikuwa amefariki Bwegera, kwenye mashamba ya mpunga, na baada ya matanga Mama Mkubwa Furaha alikuja mwenyewe kunichukua. Nyumba yake ilikuwa mlimani, juu ya bandari ya Kalundu. Kuifikia ulipanda ngazi za mawe ambazo wanaume wa mtaa walizipanga kwa mikono yao, zisizolingana, nyingine zikimfika mtoto magotini. Kila asubuhi aliteremka bandarini kununua ndakala, wale dagaa wa ziwani, akapanda nao kwenye beseni kichwani, akaja kuwaanika uani.

Sisi watoto tulikatazwa kumruka mtu aliyenyoosha miguu chini. Ukimruka, tuliambiwa, unamwibia mwendo, na usiporuka tena kurudi ulikotoka, hautamrudia. Nililijua hilo vizuri. Lakini siku moja mvua ilishuka ghafla, samaki wakiwa nje, na Mama Mkubwa alikuwa ameketi mkekani mlangoni, miguu ameinyoosha. Niliruka nikakimbilia samaki, kisha nikawaingiza kwa mlango wa nyuma. Mama Esta, jirani yetu aliyeongoza chumba cha maombi cha mtaa, alikuwa barazani kwake akiona.

Haukupita muda, goti la kuume la Mama Mkubwa likaanza kumuuma. Njiani chini, kwenye tambarare, alitembea kama zamani. Ni kwenye ngazi tu ndipo lilipomshika, hasa akiteremka, maumivu yakimchoma mbele, nyuma ya kile kifupa cha mviringo. Alisimama katikati ya ngazi, mkono ukutani, watu wakimpita. Na hapo ndipo majirani walipopata neno: ni ugonjwa gani unaojua ngazi?

Mama Esta akaja jioni moja. Aliongea taratibu, kama mtu anayemhurumia mwenzake.

“Furaha, uchunge huyu mutoto. Mama yake alikufa. Sasa ni weye.”

Akaagiza niruke kurudi. Mama Mkubwa akanyoosha miguu, nami nikaruka. Kesho yake goti liliuma vilevile, na hilo likawa baya zaidi kwangu, kwa sababu sasa lilionekana ni jambo la makusudi. Wakaanza kusema nina uchawi, nipelekwe chumba cha maombi nikafungiwe na kuombewa. Nilimjua msichana wa mtaa wa chini aliyepelekwa hivyo. Aliporudi, kwao hawakumpokea tena. Nikawa nakula peke yangu jikoni, natembea nikibana ukuta nisije nikavuka mguu wa mtu.

Asubuhi moja Mama Mkubwa akaniambia nivae nguo ya kanisani. Nilidhani siku ya kufungiwa imefika. Tuliteremka polepole, mkono wake begani mwangu, na kila jiwe nililolikanyaga nililiaga. Tulipofika barabarani hakugeukia upande wa chumba cha maombi. Tulikwenda kituo cha afya.

Hapo alikuwepo mama mmoja mrefu, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mazoezi, ambaye watu walimwita kine. Alilikunja goti na kulinyoosha, akalibonyeza, akamwomba Mama Mkubwa ainuke kitini bila kushika kitu, kisha apande kistuli. Akamuuliza anabeba nini, anasafishaje samaki. Mama Mkubwa akajibu yote: beseni lililojaa, na kuchuchumaa mchana kutwa. Kisha akanionyesha kwa midomo.

“Watu wanasema ni huyu mutoto. Aliniruka. Kama si yeye, mbona goti iko inauma ku ngazi tu?”

Kine hakucheka. Namshukuru mpaka leo kwa hilo.

“Mama, ku barabara goti inabeba kidogo. Ku ngazi unaikunja, na mwili wote unaikalia, na beseni juu yake. Goti yenye kuchoka, ngazi ndiyo inaionyesha. Huyu mutoto hana neno.”

Akamfundisha. Kupanda, atangulize mguu mzima. Kuteremka, atangulize ule unaouma, na ashike ukuta. Mzigo augawe, apande mara mbili. Samaki awasafishe akiwa ameketi kwenye kiti. Na kila siku akaze paja, mguu umenyooka, auinue na kuushusha taratibu, kwa kuwa paja likiwa na nguvu goti linapumzika. Akamwonya kwamba likivimba na kuwa la moto, au likikwama, arudi upesi. Asitegemee kupona kesho, alisema. Ni jambo la miezi.

Kweli ilikuwa miezi. Zilikuwepo siku alizokata tamaa, akalala bila mazoezi. Nami nilikuwa namkumbusha, maana hakuna aliyelihitaji goti lile lipone kuliko mimi. Msimu uliofuata alipanda mpaka nyumbani bila kusimama, beseni nusu kichwani, nusu nyingine mikononi mwangu. Mama Esta hakuomba radhi. Alikuja siku moja kuuliza kama yale mazoezi yanamfaa hata mtu mnene, na Mama Mkubwa akamtandikia mkeka.

Sasa mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu Uvira hii hii. Mama Mkubwa bado anakaa kule juu, bado anapanda, polepole. Hivi karibuni nilithubutu kumuuliza neno nililolibeba miaka yote: kama aliwahi kuamini, hata kidogo, kwamba ni mimi. Nilitegemea akatae.

“Niliamini,” alisema. “Lakini sikutaka ikuwe weye. Nikaenda kutafuta kama kuko sababu ingine.”

Nililia kidogo, naye akaniacha nilie. Siku nyingi nilidhani nilinusurika kwa sababu kulikuwa na mtu asiyekuwa na woga juu yangu. Kumbe alikuwa na woga kama wote. Aliteremka zile ngazi, goti likimchoma kila jiwe, akanitafutia jibu lingine.