Ruhusa kutoka Manono

Siku moja, enzi za Zaire, nilimsindikiza mdogo wangu kwenye zahanati moja hapa Kalemie. Mbele yetu mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa akiomba dawa ya kupanga uzazi.

“Mama muganga, nimezaa saba. Huyu wa mwisho karibu aniuwe. Nipe dawa nipumzike.”

Muuguzi hakuinua kichwa. “Leta kwanza barua ya ruhusa ya bwana yako. Hiyo njo sheria hapa Zaire.”

“Bwana yangu iko Manono, kwa mugodi. Anarudi mara moja tu kwa mwaka.”

“Basi umungoje, atakuandikia.”

Mama akakaza kitenge kilichombeba mtoto. “Akikuja, mama, hataanzia kwa kuandika.”

Foleni nzima tuliangua kicheko. Mama mwenyewe hakucheka. Kwa mimba zote saba, hakuna aliyemwomba bwana huyo barua hata moja.