Mwisho Nilioubadilisha Bila Ruhusa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naifikiria. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Nilikuwa mezani pangu katika ofisi ya jarida dogo la hadithi, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama upande wa Muthurwa, Nairobi, nakunywa chai na kujiona mtu. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, toleo letu jipya mkononi. Nilimwonyesha kiti, hakukaa. Alikuja na swali moja tu, na swali hilo ndilo lililonifundisha kazi hii ambayo wewe unaianza leo.

Uliponiandikia kwamba umepata kazi ya uhariri, na kwamba utashughulikia hadithi za mambo yasiyokuwepo, za miji ya kesho na watu wenye uwezo wa ajabu, nilifurahi sana. Lakini pia nilishtuka kidogo, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyokuwa katika umri wako. Basi nivumilie nikueleze. Mimi siku hizi sina haraka, na wewe, naamini, utapata nafasi ya kumsikiliza mzee.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, ametoka magharibi mwa nchi kama wengi wa wenzake, nasi tulilelewa katika nyumba za reli za Muthurwa, chumba kimoja, kelele za kutosha. Nilipenda kusoma kuliko kula. Nilipopewa kazi ya mhariri msaidizi na kalamu nyekundu, nilidhani nimekabidhiwa mamlaka. Kila mswada ulioingia niliuona kama nguo iliyochanika inayonisubiri mimi niishone.

Mwanamke yule aliitwa Rehema. Wagonjwa walimwita Sista Rehema, kwa kuwa alikuwa mkunga katika zahanati ya baraza la jiji, na wengine tulimwita Bi Rehema. Alizaliwa Nairobi kwa wazazi waliotoka pwani zamani, akaishi mtaa wa Shauri Moyo na mama yake mzazi, Bi Mwanakombo. Alikuwa ametuletea hadithi tatu kabla ya ile iliyomleta siku hiyo. Mhariri wetu mkuu, Bwana Maluki, mtu mwema lakini mwenye kuogopa jambo lolote geni, alisoma ya kwanza akamuuliza kama hizo zilikuwa hadithi za majini au za sayansi. Bi Rehema alimjibu kwa utulivu, "Ni za Shauri Moyo." Bwana Maluki akazichapisha, ingawa sidhani kama aliwahi kuzielewa.

Hadithi ya nne ndiyo hii ninayokueleza. Katika hadithi hiyo, sauti za watu wa mtaa mmoja huamka alfajiri, zinawaacha wenyewe wamelala, zinakwenda mjini kufanya kazi, na jioni zinarudi kooni zimechoka. Siku moja sauti ya mama mmoja hairudi. Anaitafuta kila mahali, na mwishowe anaisikia sokoni Gikomba. Inaita wateja wa samaki wakavu, inacheka, inataniana na watu. Mama anasimama kando, anaisikiliza mpaka anatosheka. Kisha ananunua samaki wake kimyakimya, anarudi nyumbani kupika, na watoto wake wanaanza kujifunza kuielewa mikono yake. Hadithi inaishia hapo.

Mimi niliona haijaisha. Nilijiambia kwamba mwandishi amechoka akaacha kazi njiani. Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikakata aya mbili za mwisho, nikaandika mistari kumi na moja yangu mwenyewe: sauti inamwona mama, inatoka mbio sokoni, inaingia kooni mwake, naye anapiga vigelegele mtaa mzima unasikia. Nilijisifu. Nilimsomea mwenzangu wa taipureta akasema ni tamu. Sikumwandikia Bi Rehema barua, wala sikwenda kumwona, ingawa kutoka ofisini hadi Shauri Moyo ni mwendo wa miguu ambao hata jasho hulitoi.

Sasa umeelewa kwa nini alikuja. Aliliweka jarida mezani, akalifungua ukurasa wa mwisho wa hadithi yake, akaniuliza, "Nani ameandika hii?"

"Ni hadithi yako, Bi Rehema," nilisema.

"Hadithi naijua. Nauliza mistari hii kumi na moja."

Nikamwambia ni mimi. Nikaanza kumweleza kwamba wasomaji hupenda hadithi iliyokamilika, kwamba mtu aliyechoka na kazi anataka kufurahi. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyozoea kuwasikiliza waume wanaobishana naye mlangoni mwa wodi. Kisha akasema, "Uliwauliza wasomaji? Maana mimi hukuniuliza."

Ndipo akanieleza jambo nisilolijua. Mama yake alikuwa mpishi wa harusi, mwenye sauti ya kuamrisha masufuria kumi kwa wakati mmoja. Miaka mitatu nyuma kiharusi kilimpata. Miguu ilirudi, mkono ukarudi nusu, lakini maneno hayakurudi. Kila alichoandika Bi Rehema alimsomea mama yake kwanza, na hadithi ile alikuwa ameiandika upya mara saba na kumsomea mara saba. Mama aliijua neno kwa neno. Jarida lilipotoka alimsomea kwa furaha, maana ilikuwa imechapishwa. Alipofika kwenye mistari yangu, mama aliufunika ukurasa kwa kiganja, akageukia ukutani.

"Kila mgeni anayeingia nyumbani kwetu humwambia sauti itarudi," Bi Rehema alisema. "Daktari anasema, majirani wanasema, hata muuza maziwa. Mahali pamoja tu hakuna aliyemwambia hivyo, na ni ndani ya hadithi ile. Wewe umeingia huko bila hodi na kumwambia yale yale."

Hakupandisha sauti. Alisema anachelewa zamu, akatoka, jarida akaliacha mezani. Mwanangu, nimewahi kukaripiwa na walimu wakali na mabosi wenye hasira, na yote nimeyasahau. Hili sijalisahau.

Nilikwenda kwa Bwana Maluki nikamwomba tuchapishe aya zile mbili katika toleo linalofuata pamoja na maneno ya kumwomba radhi mwandishi. Alikataa. Alisema jarida likianza kuomba radhi kwa hadithi za ajabu, kesho litaomba radhi kwa kila kitu. Nilibishana naye, lakini yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Kwa hiyo nilitoa daftari la Bi Rehema, lenye mswada wa hadithi ile, kwenye faili, nikalifunga kwa gazeti, na Jumamosi mchana nikaenda Shauri Moyo kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba ya kujitetea. Nilipofika mlangoni yote ilikuwa imenipotea.

Bi Rehema alinikaribisha kwa adabu, bila tabasamu. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, leso mabegani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kichwa. Bi Rehema akamwambia, "Mama, huyu ndiye."

Yule mama alinitazama kwa muda ambao sitaki kuukadiria. Nilimwambia tu kwamba nilikosea, na kwamba nimeleta mwisho wenyewe, na akiniruhusu nitamsomea kwa mdomo wangu. Hakukubali wala hakukataa. Nikakaa chini, nikafungua daftari, nikasoma zile aya mbili nilizozikata. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzisoma kwa sauti. Nilipofika pale watoto wanapojifunza kuielewa mikono ya mama yao, nilisikia kitu ambacho jicho langu la kihariri lilikuwa limekiruka: hadithi ilikuwa imeisha kabisa. Haikupungukiwa hata neno.

Bi Mwanakombo aliunyoosha mkono wake mzima, akalichukua daftari, akalipekua polepole mpaka ukurasa wa kwanza, akanirudishia. Nikamtazama Bi Rehema.

"Anataka uanze mwanzo," alisema, na akaenda kuweka chai jikoni.

Tangu siku ile nikawa mtu wa Jumamosi katika nyumba ile, kwa miaka minane. Bi Rehema alinipa sharti moja: kalamu nyekundu ibaki ofisini. Niliruhusiwa penseli, na kwa penseli hiyo niliruhusiwa kuandika alama ya kuuliza pembeni mwa ukurasa, basi. Nilidhani ananiadhibu. Kumbe alikuwa ananipa elimu.

Natamani ungemwona akifanya kazi. Aliandika saa ya mapumziko, kwenye migongo ya fomu za zahanati zilizokwisha kazi, magoti yakiwa ndiyo meza. Akimaliza rasimu ya kwanza, aliifungia kwenye sanduku la bati hadi aisahau, akaitoa na kuisoma kama ya adui. Kisha ilikuja zamu ya mama. Bi Mwanakombo akijikuna sikio, sentensi ilikuwa ndefu mno. Akifumba macho, ama amependezwa ama amelala, na ilibidi tungoje kujua ni lipi. Nimefanya kazi na wahariri waliosoma ng'ambo, na sijaona aliyekuwa mwepesi kama yule mama kugundua sentensi ya uongo.

Bi Rehema alikuwa na msimamo mmoja ambao nimewapa waandishi wengi tangu wakati huo. "Ajabu iwe moja tu," alikuwa akisema. "Mengine yote yawe kama unavyoyaona ukitoka mlangoni. Foleni ya maji iwe foleni, jirani mbeya awe mbeya. Ukiweka maajabu mawili, msomaji hatajua ashike lipi." Na alikuwa mkali kwake mwenyewe kuliko kwa mtu yeyote. Aliwahi kuandika hadithi ya nyumba ya baraza la jiji inayoota chumba kipya kila mtoto anapozaliwa. Ndani yake kulikuwa na kurasa nne kuhusu maofisa wa miaka ijayo wanaopita angani wakihesabu vyumba. Kurasa zile nilizipenda sana, nikamwambia. Jumamosi iliyofuata hazikuwepo.

"Zilikuwa nzuri," nililalamika.

"Ndiyo," alisema. "Kila aliyesoma amezisifu zile na kusahau nyumba."

Ni kwenye hadithi hiyo hiyo nilipoweka alama yangu ya kuuliza ambayo ilikuwa na maana kuliko zote. Chini yake niliandika kwa herufi ndogo: mtoto akifariki, chumba kinakwenda wapi? Niliandika bila kuwaza sana. Bi Rehema alisoma, akaiweka karatasi chini. Nilikuwa nimesahau kazi yake ya mchana. Nilikuwa nimesahau ni watoto wangapi aliowapokea mikononi wakiwa tayari wamekwenda. Nilitaka kulifuta swali, akanizuia mkono.

Wiki tatu hakunionyesha kitu. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za mtaa. Wiki ya nne alinipa hadithi, imekuwa fupi nusu ya ilivyokuwa. Chumba kilikuwamo. Hakikwenda popote. Kilibaki na mlango wake, na watu wa nyumba ile walijifunza kukipita bila kukifunga. Nilisoma nikashindwa kuendelea, Bi Rehema akamalizia mwenyewe. Mama yake hakufumba macho wala hakujikuna sikio.

"Swali lako limenichosha sana," aliniambia nikiwa naaga. "Lakini kuuliza kulikuwa kwako, na kujibu kulikuwa kwangu. Umeona tofauti?"

Nilikuwa nimeiona.

Jarida letu lilikufa, kama majarida mengi ya wakati ule. Bi Mwanakombo naye akatutoka, Mungu amrehemu. Mimi nilipata kazi kwa mchapishaji wa vitabu, na katikati ya miaka ya themanini tukatoa kitabu chembamba cha hadithi tisa za Bi Rehema, ile ya sauti ikiwamo na mwisho wake. Nilimpelekea nakala ya kwanza zahanati. Hakutazama jalada wala jina lake. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwisho ule, akausoma wote nikiwa nimesimama mbele yake kama mtoto wa shule, ndipo akafunga kitabu na kunipa mkono. Sikuona vibaya. Alikuwa na haki ya kuhakikisha. Kitabu hakikuuzwa sana, lakini hata sasa hukutana na watu wazima wanaoniuliza habari za nyumba ile yenye chumba kisichofungwa.

Sasa wewe, mwanangu, una kalamu. Nakuomba hivi. Usianze kurekebisha hadithi kabla hujaisoma kwa sauti mbele ya mtu mwingine, maana jicho lina kiburi kuliko sikio. Mahali utakapoona pana kasoro, jiulize kwanza kama ni kasoro ya hadithi au ni woga wako wewe, kwa sababu mimi nilibadilisha mwisho ule kwa kuwa ulinitia hofu, nikasema haujakamilika. Muulize mwandishi. Muulize kwa unyenyekevu, na ukiisha kuuliza, nyamaza, hata kama ni wiki tatu. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usitume barua. Nenda mwenyewe, kwa miguu ikibidi, ukaseme kwa mdomo wako kwa yule uliyemkosea.

Mungu akujalie sikio la kusikia hadithi inapoishia. Akupe waandishi wanaokushinda akili, na subira ya kukaa nao kwenye mkeka. Mkono wako uwe mwepesi, jina lako lisionekane ndani ya kazi za watu, na wao wakikuona mlangoni wafurahi kwamba umekuja. Amina.