Nusu Kopo la Oili

Sogea karibu na injini, rafiki yangu, usikilize. Jana asubuhi, hapa gereji kwangu Nyamitanga, mjini Mbarara, mteja aliwasha gari lake kuukuu, na upande wa mbele wa injini ukatoa kra-kra-kra, sekunde mbili tatu, kisha kimya. "Ni baridi tu," akasema. Niliinama nikijifanya natafuta spana, asiuone uso wangu.

Sauti hiyo niliijua Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nikiwa msichana wa miaka kumi. Jirani yetu, Mkongomani kama sisi, alikuwa na gari la kupelekea maharage Mbarara. Lilikuwa linakula oili, kwa hiyo kila siku ya safari, yeye akifunga magunia, kazi yangu ilikuwa kuongeza nusu kopo. Moshi wa kuni, harufu ya sombe ya bibi, yale majani ya muhogo, na sauti ya jirani akiniuliza mimi: "Mama, umeshatia?"

"Nimeshatia, papa."

"Mutoto huyu ana mukono muzuri," alikuwa akimwambia bibi.

Nilikuwa natia robo. Iliyobaki niliificha kwenye chupa, niipake baiskeli yangu ya kuchotea maji, maana ilikuwa inalia kwa kutu na wenzangu bombani walinicheka: "Mbuzi yake imefika, inalia."

Baiskeli ikanyamaza. Gari likaanza kelele. Injini nayo ina mnyororo ndani, na kinachoukaza husukumwa na oili; oili ikipungua, mnyororo hulegea na kugonga mpaka oili ifike. Hayo sikuyajua. Nilichoficha nilikijua. "Inakohoaka asubui tu," jirani alisema. "Ikipata joto inanyamaza." Nami nikaendelea kutia robo.

Siku moja mnyororo uliruka njiani, injini ikavunjika. Alirudi kwa miguu, akakaa kwa bibi. "Niliisikia, mama, nikaizarau." Bibi akanituma chai. Niliiweka mbele yake, akanishukuru.

Alirudia jembe, hadi familia yake ikahamishiwa ng'ambo. Kwake sasa pamelimwa mahindi. Bibi naye hayupo. Sifa ile ya mkono mzuri ninayo bado, na hakuna wa kumrudishia.

Kwa hiyo gari lako likikohoa hivyo, lisimamishe pahali tambarare, zima, subiri kidogo. Vuta kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Oili ikiwa imepungua, ongeza; ikiwa imejaa na kelele ipo, usiliendeshe. Usiniulize mimi kama imetosha. Soma mwenyewe.