Msonyo wa Mama Besi

Kuanza walikuwa wanajua. Kinyozi aligonga vijiti vyake vya ngoma mara nne, kinanda kikaingia, saksafoni ikafuata, na besi ya Mama Besi ikatandazwa chini yao kama sakafu. Kazi ilikuwa kumaliza. Wimbo ulipofika mahali pa kwisha, kila mmoja alimtazama mwenzake kama watu waliokutana mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe, na wimbo ukarudi mwanzo ukaanza mzunguko mwingine. Mwishowe mmoja alichoka akaacha, wa pili akafuata, wa tatu akabaki anapuliza peke yake kama mgeni ambaye hakuambiwa sherehe imekwisha.

Kisa ni kwamba marehemu aliyezitunga nyimbo hizo hakutunga miisho. Mengine yote aliyatunga. Kila mpigaji alipewa kipande chake, akagongewa mezani kwa vidole mpaka kikamwingia kichwani, na ole wako ukiongeza la kwako. Lakini mwisho aliubeba mwenyewe. Alisimama mbele na gitaa lake, na alipoona imetosha alinyanyua mkono akapaza sauti: "Kata!" Hapo hapo wote walikatika kama uzi kwenye meno. Leo alikata mapema, kesho alichelewa, na hakuna aliyejua kwa nini. Watu ukumbini walilipenda neno hilo kuliko hata nyimbo, walilisubiri, na likitoka walipiga kelele kana kwamba wao ndio waliofanya kazi.

Sasa marehemu alikuwa kaburini, na neno lake kaenda nalo.

Mama Besi alikuwa mkewe. Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, sare za shule na mapazia, na besi alifundishwa na mumewe mwaka ule walipooana, baada ya mpiga besi wa bendi kuhama mji bila kuaga. "Wewe una miguu ya cherehani," mume alimwambia, "mdundo unao tayari." Wanawake wengine huchumbiwa kwa maua. Alikuwa na ulimi, Mama Besi. Mteja akileta kitambaa cha kiganja anataka gauni la kufika chini, aliambiwa arudi nacho nyumbani akafutie miwani.

Alikuwa nao, maana tangu mazishi ulimi ule ulilala. Hakulia. Waliokuja kuhani walimkodolea macho wakingoja machozi kama watu wanaongoja umeme urudi. Wengine wakasema ana moyo wa jiwe, wengine wakasema anavumilia, na wote walikosea. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia. Ukiubonyeza unajua ni wako, ila habari zake hazikufikii. Siku yenyewe, hospitalini, shemeji yake alipiga simu akauliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, ameshakata roho?" Akajibu, "Ameshakata," halafu akamuuliza kama njiani atapata nafasi ya kununua sabuni.

Shemeji huyo ndiye aliyepiga kinanda. Kinyozi alikuwa kinyozi kweli, mwenye kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Wa saksafoni aliitwa Mapafu. Jina alilipata ujanani, alipokuwa akivuta noti moja mpaka watu wanaondoka kununua vinywaji na kurudi. Wote wanne walikutana chumba cha cherehani siku za mapumziko, kati ya marobota ya vitambaa, wakazipiga nyimbo za marehemu ili zisisahaulike. Kanda za zamani zilikuwa zimeliwa na ukungu. Zilizobaki zilikuwa kwenye vidole vyao, na vidole vyenyewe vilianza kukakamaa.

Ndipo redio ikamtuma fundi mitambo wake, mwanamume wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Walitaka kurekodi nyimbo za marehemu upya, zitunzwe. Akakaa juu ya robota la kaniki, akasikiliza. Wimbo ukazunguka, ukazunguka, ukafa vile ulivyozoea kufa, kipande kipande.

"Msijali," akasema. "Mimi nitaishusha sauti polepole mpaka ipotee. Siku hizi nyimbo nyingi zinaisha hivyo."

"Ikipotea inaenda wapi?" akauliza Kinyozi.

"Haiendi popote, mzee. Inapungua tu mpaka inakwisha."

"Aa. Kama nywele zangu."

Fundi akacheka, akaaga. Alipotoka, Mapafu akatua saksafoni magotini kwa hasira.

"Marehemu hakuwa anapotea. Alikuwa anakata. Tukirekodi hivyo, wajukuu zetu watajua kwamba wimbo huu ni wa kupotea, basi, mpaka kiama."

"Sasa atukatie nani?" Shemeji akasema. "Sema wewe. Alikuwa anakata wapi?"

"Baada ya saksafoni kuingia mara ya pili."

"Uongo!" akadakia Kinyozi. "Alikuwa anakata akiona wachezaji wamelowa."

"Kaka yangu yule alikuwa anakata akisikia njaa," akasema Shemeji. "Namjua toka utotoni."

Mama Besi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Mapafu akamnyooshea mdomo wa saksafoni.

"Mnabishana bure. Alikuwa anamsikiliza huyu."

"Mimi?"

"Wewe. Wimbo ukikuchosha, unasonya. Miaka yote nimesimama kati yenu, nasikia kwa masikio yangu. Msonyo, kata. Msonyo, kata. Kama kitasa na mlango."

"Mimi sisonyi."

Kinyozi alicheka mpaka kijiti kikamtoka. "Mama Besi hasonyi! Basi na mbuzi hali majani."

"Shemeji, siku ya mahafali ulimsonya mkuu wa shule katikati ya hotuba," akasema Shemeji. "Kipaza sauti kilikuwa mbele yako."

Mama Besi akaishusha sindano. Kumbe miaka yote ile mumewe alisimama mbele ya umati amempa mgongo, sikio moja liko nyuma kwake, anangoja mke achoke ndipo anyanyue mkono. Akaisubiri habari hiyo imchome, au imfurahishe, vyovyote itakavyo. Ikapita kama gari la mtaa wa pili.

"Basi sonya," akasema Mapafu. "Tupige, ukifika wakati, sonya, sisi tutakata."

Wakapiga. Mama Besi akakaza midomo, akavuta hewa kwenye meno.

"Unaita paka?" akauliza Kinyozi.

Akajaribu tena, likatoka busu. Msonyo hauagizwi dukani, unakuja wenyewe mtu akichoka. Na yeye siku hizi alikuwa hachoki. Alikanyaga cherehani toka asubuhi mpaka jirani aje amwambie washa taa, mama, utajishona kidole. Alikula mpaka sahani ikaisha, si kwamba ameshiba. Asiyechoka angejuaje kwamba imetosha?

Siku ya kurekodi wakaingizwa chumba chenye kuta za sponji, ambamo hata kikohozi hufia mdomoni. Fundi mitambo alikaa upande wa pili wa kioo, mkono juu ya kitufe chake. Walikuwa wamepatana hivi: wakishindwa kukata, ataushusha wimbo upotee. Na utakavyokuwa hapo ndivyo utakavyokuwa daima, maana hawakuwa na umri wa kuitwa mara ya pili.

Kinyozi akagonga vijiti. Wimbo ukaenda vizuri, tena vizuri mno. Ukafika saksafoni ya pili, ukapita. Ukarudi mwanzo. Wote watatu walikuwa wanamtazama Mama Besi mdomoni kama watoto wanaongoja kumegewa. Yeye vidole vilikuwa vinatembea vyenyewe. Akajipekua ndani kutafuta uchovu, hata chembe, hata kero. Hakuna. Angeweza kupiga mpaka jengo libomolewe.

Wimbo ukarudi tena. Ng'ambo ya kioo fundi akavaa miwani, akashika kitufe.

Hapo ndipo macho ya Mama Besi yalipomwangukia Mapafu. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Alikuwa anadokoa pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo marehemu angemrushia kiatu, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Saksafoni ilikuwa inashuka kidogo kidogo kuelekea tumboni, anaipandisha, inashuka. Lakini haachi. Anamngoja yeye achoke.

Mama Besi hakumhurumia. Huruma siku hiyo hakuwa nayo ya kumpa mtu. Aliliona tu, kama fundi anavyoona kwamba kitambaa kimefika pindo: huyu mzee amechoka. Mimi sijachoka, yeye amechoka. Inatosha.

"Kata," akasema.

Hakupaza sauti. Ngoma ikakatika, kinanda kikakatika, besi ikakatika. Saksafoni ilichelewa kidogo, noti yake ikachomoza peke yake, kisha nayo ikanyamaza. Chumba kikawa kimya kama ndani ya pamba. Fundi mitambo alibaki ameshika kitufe ambacho hakukishusha.

Sauti yake ikaja kwenye spika. "Mama, kuna neno limeingia mwishoni. Nilifute, au turudie?"

"Usilifute. Huo ndio mwisho wake."

"Na saksafoni imechelewa..."

"Hiyo ni pumzi, si saksafoni. Mletee mzee maji, yako mengine utauliza baadaye."

Maji yakaletwa. Mapafu akanywa, mengine yakamwagikia shati. Pumzi ilipomrudia akamkodolea macho.

"Hukusonya."

"Sikusonya."

"Umekata bila kusonya."

"Ulikuwa unanifia hapa mbele ya kioo, nikae nasubiri msonyo? Nani angekubeba, Kinyozi na mgongo ule?"

Kinyozi akaangua kicheko, na Shemeji naye, huku anafuta macho. Mama Besi aliyasikia maneno yake mwenyewe kana kwamba yamesemwa na mtu aliyesimama nyuma yake. Ndani mlikuwa bado mmetulia, hakuna kilichotikisika. Ulimi ulikuwa umetangulia peke yake, mwili haujafika.

Shemeji akautaja wimbo wa pili. Ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza.

"Utauweza?" Mama Besi akamuuliza Mapafu.

"Sijui. Wewe niangalie tu."

Mama Besi akasogeza kiti chake, akakigeuza kimwelekee yeye, akashika besi.