Mwalimu Mafundo na picha iliyotoka bluu

Saa moja kasoro robo asubuhi. Kengele ya shule bado haijalia, na ua umefagiwa nusu. Katika chumba cha mwisho, kile kilichopakana na stoo ya madawati mabovu, mwanamke aliyevaa koti lililokakamaa kwa rangi amechuchumaa mbele ya makopo kumi na moja. Hayatazami. Anayapapasa.

Kidole chake kinapita kwenye waya wa kopo la kwanza, kinakuta uzi wenye fundo moja.

"Nyekundu," anasema.

Mafundo mawili. "Njano."

Matatu. "Bluu. Wewe kaa kule, umeshaniponza."

Kopo la bluu linasukumwa mpaka ukutani. Nyeupe haina uzi. Nyeusi imefungwa kifungo cha shati. Akimaliza, ananyanyuka kwa awamu mbili, mkono mmoja gotini na mwingine mezani, anasimama kwanza apumzike, ndipo afungue dirisha.

Wanafunzi wanamwita Mwalimu Mafundo. Wanadhani hajui.

"Miaka yote walikuwa wananiita Mwalimu Brashi," anasema, akifuta mikono kwenye koti. "Sasa nimepandishwa cheo."

Ana miaka hamsini na minane. Amefundisha sanaa katika shule hii miaka thelathini na mmoja, na mchana akitoka darasani huchora picha za watu, hasa marehemu, kwa familia zinazomletea picha ndogo za vitambulisho. Zamani sanaa ilikuwa na vipindi vinne kwa wiki. Siku hizi ni kimoja, Ijumaa, cha mwisho, watoto wakiwa wameshachoka na yeye amechoka kuwazidi. Darasa lina watoto sabini na wanne. Brashi ni ishirini na mbili.

Rangi aliianza nyumbani. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa majumba, na makopo yakibaki na rangi kidogo chini, yeye aliyakwangua kwa kijiti na kuchora kuku kwenye ukuta wa jiko. Mama alimchapa kwa kuchafua ukuta. Baba akasema, "Mchape, lakini kuku usimfute."

Jicho la kulia halioni. Miaka kumi na tisa iliyopita, likizo ya kufunga mwaka, walimu walijitolea kupaka madarasa chokaa. Ndoo iliteleza kutoka juu ya ngazi. Maji ya kunawa yalikuwa mbali, na mpaka yanafika jicho lilikuwa limeshaungua.

"Nilimshukuru Mungu kwa lililobaki," anasema. "Nikaendelea. Jicho moja linatosha kuchora. Ukifikiri, watu hufumba moja wenyewe wakitaka kupima."

Mwaka jana mwanamke mmoja alimletea picha ya leseni ya udereva. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na nyumba nzima haikuwa na picha nyingine yake. Mwalimu aliichora wiki tatu, jioni kwa jioni, na anasema hakumbuki kazi aliyoifanya kwa moyo kama ile. Siku ya kuchukua, aliondoa kitambaa.

Mke wa dereva aliitazama muda mrefu. Hakulia.

"Mwalimu," akasema, "mume wangu nilimwona hivi siku moja tu. Siku ya kumuaga."

Mwalimu alidhani ni huzuni inayosema. Akamwita wifi yake, mke wa marehemu kaka yake, ambaye anaishi naye na ni fundi cherehani. Wifi huyo ana mzaha wa kila jambo, hata la msibani. Siku hiyo alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akakosa mzaha.

"Wifi," alisema taratibu, "huyu mtu ni wa bluu."

"Bluu ya wapi?"

Wifi aliingia ndani, akarudi na kibweta cha nyuzi, akatoa kidonge kimoja cha uzi.

"Hii rangi gani?"

"Krimu."

"Ni nyeupe pe, wifi yangu. Nyeupe ya shela."

Daktari wa macho aliwaeleza baadaye. Ni mtoto wa jicho, na amekuwa akikua polepole miaka mingi, akikipaka kila kitu umanjano, kama mtu anayetazama dunia kupitia glasi ya chai. Mwalimu alikuwa akiona njano kwenye nyuso anazochora, akaongeza bluu ili kuiondoa. Njano haikuwa kwenye picha. Ilikuwa kwenye jicho.

"Miaka yote nawaambia watoto, choreni mnachokiona, msichore mnachokidhani," anasema. "Nami nilichora ninachokiona. Nikamchora mume wa watu maiti."

Tangu hapo kazi inafanywa na wanawake wawili. Wifi alifunga nyuzi kwenye makopo, ya nyumbani na ya shuleni, akahesabu mafundo, akamwambia ayakariri kama sala. Ikija kazi ya uso, huketi pembeni na kibweta, anaweka uzi wa kahawia juu ya rangi mbichi, anakunja midomo.

"Bado. Huyo umemchemsha."

"Na sasa?"

"Sasa umemkaanga. Rudi nyuma kidogo."

Kwa namna hiyo picha moja huchukua wiki sita badala ya tatu, na wateja wamepungua. Kazi kubwa sasa ni vibao vya maduka, maana herufi hazina ngozi.

Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji, na kwa wengi ni kazi ya asubuhi moja. Kwa mwenye jicho moja si hivyo. Daktari alimweleza bila kumficha kwamba wengi sana hupona, wachache hawaponi, na yeye hana jicho la akiba.

Ameshaahirisha mara mbili. Mara ya kwanza alisema kuna mitihani. Mara ya pili alifika, akavalishwa utepe wa jina mkononi, akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Niko nyumbani, nikasikia mlango wa uani," wifi anasimulia, akikata uzi kwa meno. "Huyo hapo, na utepe wake mkononi, kama kuku aliyetoroka sokoni na kamba mguuni."

"Nilikuwa nina kazi."

"Kazi gani? Ulijifunika shuka mpaka jioni."

Tarehe ya tatu ni Jumatatu hii. Safari hii mwalimu hakusema hataki kwenda. Alisema lazima kwanza airudie picha ya dereva.

Alhamisi alasiri, katika chumba chao cha mbele, kitambaa kipya kimeshawambwa kwenye fremu na cherehani imesogezwa kupisha mwanga. Picha ya zamani, ambayo mke wa dereva hakuichukua, imegeuzwa uso ukutani. Mwalimu ameshika brashi na haanzi.

"Nenda ukatibiwe, ukirudi umchore kwa jicho safi," wifi anasema. "Hilo ni jambo la kuuliza?"

"Na nikirudi sioni?"

"Utaona."

"Umeambiwa na nani?"

Kanyagio la cherehani linasimama.

"Nikimchora leo, nitamchora vibaya," mwalimu anasema. "Nikimwacha, huenda asichorwe kabisa, na yule mama abaki bila uso wa mumewe. Nimeomba wiki nzima nionyeshwe njia. Nimechoka hata kuomba."

"Basi pumzika. Nitaomba mimi."

Hodi inapigwa. Ni mke wa dereva mwenyewe, aliyepata habari kwa mtoto wake anayesoma shuleni. Amekuja na mfuko wa karatasi. Anakaribishwa kiti, anakaa ukingoni.

"Mwalimu, nasikia unaingia chumba cha upasuaji Jumatatu."

"Kama Mungu atapenda, na huyu akinifungia milango."

"Na nasikia unataka kumaliza kazi yangu kwanza."

"Ni deni."

"Deni la nani? Mimi sikudai." Mama huyo anafungua mfuko, anatoa shati la kaki lililokunjwa vizuri, ukosi umechakaa. "Hili alilivaa siku ya leseni. Nimekuletea rangi yake, usije ukakisia. Lakini usilianze leo."

"Mama, na kama..."

"Nimekaa bila uso wake miaka mitatu. Wiki sita nitashindwa?" Anaweka shati mezani. "Na ikiwa Mungu hatakupa jicho, basi. Mimi namkumbuka alivyokuwa. Wewe ndiye usiyemjua."

Wifi anajifanya kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ina uzi.

Mwalimu anaweka brashi chini. Anachukua kipande cha mkaa, anasogea mpaka pua inakaribia kitambaa, na kwa karibu saa nzima anachora mistari peke yake: paji la uso, sikio lililochomoza, ukosi wa shati. Mkaa hauhitaji mafundo. Mke wa dereva anatazama, na mdomo wa mumewe unapotokea anacheka kidogo.

"Hapo ndipo alipokuwa akianza kubisha," anasema.

Ijumaa, kipindi cha mwisho, mwalimu aliwaambia watoto mwenyewe, ingawa uvumi ulishaenea, kwamba hatakuwepo kwa wiki kadhaa. Msichana wa dawati la nyuma alinyoosha kidole.

"Mwalimu, umesema tuchore tunachokiona. Kama jicho linadanganya je?"

Mwalimu aliegemea meza. "Basi muulize jirani," alijibu. "Na jirani akikwambia, usikasirike."

Jumamosi jioni begi dogo limeshafungwa, limewekwa nyuma ya mlango. Ufunguo wa mlango wa uani uko kwenye sidiria ya wifi. Dereva wa mkaa amesimama ukutani bila rangi, na karibu naye picha ya bluu, ambayo mwalimu amekataa ichomwe.

Anapoulizwa atafanya nini kwanza bandeji ikifunguliwa na mwanga ukaingia, hasemi atatazama nyuso za ndugu wala mbingu.

"Hiyo," anasema, akielekeza kidole kwenye picha ya bluu. "Nataka niione. Nijue nilimkosea yule mama kiasi gani. Halafu nikae, nianze upya." Anapapasa waya wa kopo lililo karibu, fundo moja, mawili, matatu. "Na hizi nyuzi nitazikata zote kwa mkono wangu."

"Hukati," wifi anasema bila kuinua kichwa kwenye cherehani. "Utazifungua, fundo moja moja. Uzi ni wangu."